Ramani Sahihi ya Mafuriko

Mkuu wa ofisi ya utabiri wa mafuriko alikuwa na tabia ya kutafuna njugu, kulamba vidole, kisha kugusa kioo cha kompyuta ya mtu. Wafanyakazi walimwita Bwana Slaidi, maana hakuamini jambo mpaka alione ukutani likiwa na rangi. Mama Mto, aliyeandika programu za kukokotoa mwendo wa maji, alizoea kufuta kioo chake na kumeza kinyaa. Vidole vinafutika. Kilichomkwama kooni ni ule mkutano wa kuchagua lugha ya programu.

"Fortran ni lugha ya babu zetu," Bwana Slaidi alisema siku hiyo. "Vijana wanataka Python. Tuandike kila kitu upya."

"Python naipenda, ndiyo ninayochorea ramani," Mama Mto alijibu. "Lakini mto tumeukata miraba mamilioni, na kila mraba unahesabiwa tena na tena. Kazi hiyo nzito tuiachie Fortran, inayokokotoa kwa kasi, Python iisimamie kwa nje tu. Ukiibebesha Python yote, utabiri utatoka maji yameshapita."

Bwana Slaidi akacheka. Akaonyesha jaribio lake la Python: kijito kimoja kidogo, kilichokokotolewa kabla hajameza njugu iliyokuwa mdomoni. Chumba kizima kikapiga makofi, hata wale waliojua fika kwamba kijito si mto. Makofi hayo ndiyo yaliyomchefua Mama Mto zaidi. Watu wazima na akili zao, bendera hufuata upepo!

"Na ile programu ya zamani ya Fortran ifutwe," mkubwa akamalizia. "Mafahali wawili hawakai zizi moja." Ikafutwa.

Sasa, Mama Mto alikuwa na mdogo wake, seremala, mwenye karakana bondeni, jirani kabisa na mto. Kila msimu wa mvua alisubiri simu ya dada yake. Akiambiwa hama, anakodi lori, anapakia mashine ya randa na mbao zake, anapanda juu. Miaka yote hiyo hakuwahi kulowana hata soksi.

Mvua kubwa ikaja. Mama Mto akawasha programu mpya asubuhi, na mchana ukaisha haijafika hata robo ya mto. Simu yake ikaita.

"Dada, nihame?"

Angesema nini? Mvua kama hiyo iliwahi kupita bila mto kufurika, na lori si la bure. "Jiandae," akasema. "Ramani ikitoka nitakupigia."

Akamwendea mkubwa. "Bosi, tutoe tahadhari hivi hivi, bila ramani."

"Tahadhari bila ramani ni umbea," Bwana Slaidi akajibu, akipangusa chumvi ya njugu kwenye suruali. "Haraka haraka haina baraka, mama."

Ramani ilitoka kesho yake, mchana, maji yameshapungua. Bwana Slaidi akaimulika ukutani, na kando yake akaweka picha za bonde zilizopigwa asubuhi hiyo: maji madirishani, watu juu ya mabati. Buluu ya ramani na maji ya kwenye picha vilishika mipaka ile ile.

"Tumepatia!" akapaza sauti. "Nyumba kwa nyumba! Nani alisema Python haiwezi?"

Makofi. Bakuli la njugu likazunguka. Lilipomfikia Mama Mto, akalisukuma kando, akatoka nje kwenye korido. Aliwachukia wote, na alijichukia kwa kusubiri pamoja nao. Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya mdogo wake koleo lilikuwa likikwangua tope sakafuni.

"Dada. Mbona hukupiga?"

"Ramani imetoka sasa hivi."

Koleo likanyamaza. "Inasemaje?"

"Inasema..." Akachungulia ndani, kwenye ramani ya ukutani. "Inasema karakana yako maji yatafika kiunoni."

"Ni kweli," mdogo wake akasema. "Yalifika kiunoni."