Mume Wangu na Makato ya Melini

Mume wangu Gaudensi ana hela. Tatizo ni kwamba zinakaa kwenye simu, na kuzitoa humo ni kazi kuliko kumtoa ng'ombe kwenye tope la mwezi wa tatu. Akisikia neno makato anashikwa na homa. Nyumbani Sumbawanga anaweza kutembea kwa miguu kutoka Chanji hadi Kizwite kumfuata wakala ambaye, kwa imani yake, anakata kidogo kuliko wengine. Mawakala wote wanakata sawa. Nimemwambia hivyo miaka nenda miaka rudi, nimechoka.

Mwaka huu kwaya yetu ilialikwa Kigoma kwenye jubilei ya parokia moja, tukaamua kupanda meli pale Kasanga. Tulikuwa watu kumi na wanne, na Gaudensi ndiye mhazini wetu, kwa sababu hajazaliwa mwanakwaya wa kumtoa shilingi mia bila risiti. Mimi nilijiunga na safari nikiwa na jambo langu. Jubilei ingefanyika hata bila sauti yangu. Nilichokuwa nakitaka ni Kalila.

Kalila ni kijiji cha ziwani, mvua ikinyesha barabara yake haipitiki hata kwa baiskeli. Ndiko anakoishi dada yangu Fransiska. Aliolewa huko na mvuvi, mvuvi akafa, yeye akabaki. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na moja. Mwezi wa kwanza alipata kiharusi, upande wote wa kushoto ukalala, na binti yake akanipigia simu kuniambia kwamba mama anataja jina langu kila asubuhi. Tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana.

Sasa, Kalila hakuna gati. Meli inasimama majini kwa muda wa saa moja na nusu kupakia magunia ya dagaa, na mitumbwi ya injini inasogea kuchukua watu. Kukodi mtumbwi kwenda na kurudi ni elfu ishirini na tano, taslimu mkononi, maana wale vijana wameshatapeliwa sana na meseji za uongo na sasa hawataki hata kuiona simu yako. Ukikosa taslimu, unabaki umeshika chuma cha meli, unayatazama mapaa ya watu kwa mbali.

Haya yote nilimweleza Gaudensi tukiwa bado nyumbani. Nikamwambia, Baba Raymond, toa hela kabisa hapa mjini. Akanijibu kwamba melini kuna vibaka, hela itulie kwenye simu, wakala yupo humo humo ndani. Mimi mjinga nikakubali.

Jumapili asubuhi, zikiwa zimebaki saa tatu kufika Kalila, nikamkumbusha. Akajinyoosha shati, akaenda kwa huyo wakala. Alikuwa kijana anaitwa Evans, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la meli, na kibao cha makato ya kampuni amekigeuzia ukutani. Evans alimwamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akamweleza kwamba juu ya makato ya kampuni kuna elfu moja na mia tano yake mwenyewe kwa kila elfu kumi. Gaudensi akauliza kwa nini. Evans akasema kwa sababu tuko majini.

Mume wangu alirudi amevimba mashavu. Akaniambia yeye hawezi kumlipa mtu kwa kosa la ziwa kuwa na maji. Nikamwambia ni dada yangu yule, alipe tu. Akasema atalipa, ila si kwa wizi, nimpe nusu saa.

Nusu saa hiyo aliitumia kwa mama mmoja wa Kisukuma aliyekaa karibu nasi, anaitwa Kabula, ambaye ng'ombe wao wako bonde la Rukwa. Alikuwa ametoka kuuza madume mawili, na hela ameifunga kiunoni hadi anakaa upande. Gaudensi akamsogelea kwa unyenyekevu ambao mimi sijawahi kuuona ndani ya nyumba yangu. Akamwambia kutembea na hela ni hatari, kwa hiyo ampe elfu thelathini mkononi, na yeye atamtumia elfu thelathini kwenye simu, kila mtu afurahi. Kabula akasema sawa baba, tuma, na ya kutolea. Gaudensi akapiga hesabu: kutuma anakatwa, na ya kutolea juu yake. Akamshukuru Kabula, akaondoka zake. Zilibaki saa mbili.

Ndipo akapata akili aliyoiona kubwa. Ilikuwa Jumapili, na katekista wetu Valerian alikuwa ameshatangaza ibada kwenye uwazi wa sitaha ya chini. Kwenye ibada kuna sadaka, na sadaka haitolewi kwa simu. Kwa hiyo noti zote zilizojificha humo melini zingetoka zenyewe na kuja kwenye kikapu, na kikapu kinashikwa na nani? Na mhazini. Yeye angechukua zile noti na kuandika daftarini kwamba kiasi kile kile ni cha kwaya, ambayo hela yake kwa bahati njema inakaa kwenye laini yake hiyo hiyo. Hakuna wakala wala makato. Alinieleza huku anatabasamu kama mtu aliyeokota suruali yenye hela mfukoni.

Nilimuuliza kama Mungu naye anafahamu huo mpango. Akasema Mungu hapungukiwi kitu, hela ni ile ile.

Shida ilikuwa kwamba watu wa melini wanatoa sarafu. Gaudensi alilijua hilo, kwa sababu hata yeye ni mtu wa sarafu. Kwa hiyo Valerian alipomaliza mahubiri, mume wangu alisimama, akatoa leso, akatangaza kwamba sadaka ya leo ni ya mgonjwa. Akasema tunaye dada yetu, Fransiska, amelala hapo mbele Kalila, nusu ya mwili imekufa, mjane, hana mbele wala nyuma. Akajifuta jicho ambalo lilikuwa kavu kabisa.

Nilishikwa na hasira, nikatamani kumvuta shati akae chini. Dada yangu alikuwa amefanywa chambo. Lakini kabla sijanyanyuka, watu walikuwa wameshaanza kusimama. Walitoa kweli kweli. Kabula alifungua kiuno chake na kutoa noti ya elfu kumi. Mpishi wa meli akatoa. Mzee mmoja ambaye hakuwa na hela alileta kuku wake, amefungwa miguu. Na wale ambao hela yao ilikuwa kwenye simu walikimbilia kwa Evans. Ikawa foleni. Evans alipoona foleni akapandisha bei kutoka elfu moja na mia tano hadi elfu mbili.

Kikapu kilijaa. Gaudensi alikipokea kwa mikono miwili, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye begi lake. Valerian akamwita. Akamkumbusha kwamba huo ni mchango wa mgonjwa, unahesabiwa mbele za watu. Ukahesabiwa: elfu sitini na nane na mia saba, na kuku. Watu wakapiga makofi. Kisha Valerian akauliza jambo ambalo kila Mfipa aliyekulia kwenye jumuiya anajua litaulizwa, isipokuwa mume wangu, ambaye siku hiyo kichwani mwake kulikuwa na makato tu.

"Wanaokwenda kuupeleka ni akina nani?"

Kwetu mchango wa mgonjwa hautumwi kwa mkono wa mtu mmoja. Unapelekwa. Wanakwenda wajumbe, wanaimba, wanasali, wanamshika mgonjwa mkono, na mwenye mgonjwa ndiye anayewasafirisha. Kwaya nzima ikanyoosha mikono. Kabula naye akasema hela yake hawezi kuiacha iende peke yake. Mwenye kuku akasema anamfuata kuku. Tulikuwa watu kumi na sita, mitumbwi miwili, elfu hamsini.

Gaudensi, sauti ikiwa imepungua, akapendekeza kwamba nauli ikatwe kwenye kikapu. Watu walimtazama. Valerian alimsubiri tu kama anavyomsubiri mtoto aliyekosea sala.

Meli ilikuwa imeshaanza kupunguza mwendo. Nilimfuata mume wangu hadi jikoni, nikasimama nyuma yake, nikasema neno moja tu kwa sauti ya chini. Nilimwambia kwamba nisipomwona dada yangu leo, atarudi Chanji na begi lake na mimi nitabaki Kigoma. Sikuwa natania. Alinitazama usoni, akaliona hilo. Akatoa simu. Makato ya Evans peke yake yalikuwa elfu kumi, na ya kampuni juu. Akabonyeza namba ya siri, tarakimu moja moja. Evans akampa noti, kisha akachomoa elfu moja mfukoni mwake akampa iende kwa mgonjwa.

Tukashuka. Valerian alikaa mbele kwenye mtumbwi wa kwanza, amevaa kanzu yake nyeupe, ameshika msalaba, akaanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa kuomba uzima, lakini Valerian huanzisha kila wimbo polepole mno, ukasikika kama wa msiba. Wanawake wa Kalila waliokuwa wanaanika dagaa walisimama. Wakaiona kwaya yenye sare, wakauona msalaba, wakaniona mimi, ndugu yake Fransiska, katikati nalia. Mmoja akatupa ungo, akaangua kilio. Tulipogusa mchanga kijiji kizima kilikuwa kinamlilia Fransiska.

Niliwapita mbio. Nyumba niliijua kwa mbao zake za buluu. Dada alikuwa kwenye mkeka, ameegemezwa ukutani, mdomo umekwenda upande, amekonda hadi nikaogopa kumgusa. Nje walikuwa wanalia kwa sauti zote nne.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna, dada."

"Basi mbona wananililia mimi?"

Nilicheka, nikalia, vyote kwa pamoja, nikamlalia kifuani. Yeye akacheka kwa ule upande uliokuwa bado unacheka. Wakaingia wengine, wakasali, wakamwekea hela mkononi na kuku miguuni. Gaudensi alikaa karibu na mlango. Dada anamjua vizuri. Akamuuliza amekatwa kiasi gani kuja hapa. Mume wangu akamtajia, hadi shilingi ya mwisho, na dada akacheka hadi mate yakamtoka, nikayafuta kwa kitenge changu.

Honi ya meli ikalia. Dada akanishika kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, akanivuta karibu.

"Siku yenyewe ikifika, msije."

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Mmeshakuja, Josefina. Kwaya imeimba, watu wamelia, mchango umefika. Nimeyaona yote kwa macho yangu. Mnataka mkatwe mara ya pili?"

Jibu likatoka kule mlangoni, kwa mume wangu.

"Tutakuja, shemeji."

Dada alimtazama kama mtu anayesoma risiti.

"Basi uje na taslimu," akasema.

Gaudensi akaitikia kwa kichwa. Honi ililia mara ya pili, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kuelekea mitumbwini. Mimi nilibaki pale mkekani, mkono wangu ndani ya wake, mpaka Valerian aliponiita kwa jina.