Radi Iliponyamaza

Chumba cha kuchulia misuli kilipogeuzwa ghala la vikombe, hakuna aliyelalamika isipokuwa mtu mmoja. Makabati ya ukumbini yalikuwa yamefurika, na mwenyekiti wa klabu ya Radi alisema kikombe cha ubingwa hakiwekwi sakafuni kama sufuria. Basi kitanda cha mchua misuli kikatolewa, kikasogezwa kwenye korido, kati ya mlango wa choo na tangi la maji. Wachezaji waliokuwa wakiogopwa nchi nzima wakawa wanachuliwa mapaja huku wapita njia wakiwaruka miguu.

Aliyelalamika alikuwa kocha msaidizi. Huyo hakuwahi kuwa nyota. Nyota alikuwa kaka yake, beki wa kati aliyeitwa Komeo, maana akishasimama, mlango umefungwa. Komeo alipotundika viatu alikabidhiwa timu aifundishe, na misimu ya mwanzo akabeba ubingwa mfululizo mpaka mama yao mzazi naye akaanza kumwita Mwalimu. Mdogo wake alimaliza ujana wake wote benchi. Mwenyewe alipenda kusema kwamba kule benchi ndiko alikojifunza kutazama mpira, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine.

"Kaka," alisema siku hiyo pale koridoni, "vijana wetu wa timu ya pili wako wapi siku hizi?"

"Uwanja wao si umekuwa maegesho ya magari ya wanachama? Wewe si ulikuwepo?"

"Nauliza wachezaji, siulizi uwanja."

Komeo alicheka. "Watarudi. Nani asiyetaka kuvaa jezi ya Radi?"

Hawakurudi. Walivuka mji wakaenda kwa watani. Watani wenyewe ni timu iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na jina la Sabuni likawaganda. Miaka nenda miaka rudi mashabiki wa Radi walikwenda kwenye mechi ya watani kama watu wanaokwenda harusini, wamejipulizia manukato, nyimbo za ushindi wamezitunga njiani. Mwaka ule Sabuni wakatwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Radi wakawa wa pili. Mjini kulikuwa kimya kama msibani.

Kamati ikaitisha kikao. Jana yake ndugu hao wawili walikuwa wamekaa jikoni kwa mama yao wakapanga maneno ya kusema, mmoja akisahau jambo mwenzake anamkumbusha, mama akiwamiminia chai na kuwasikiliza. Walikubaliana kila kitu. Kilichobaki kilikuwa ni nani aanze.

Akaanza mdogo. Alisimama mbele ya wazee wa klabu, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Timu imechoka," alisema. "Jenereta ametufungia mabao ambayo hatuwezi kumlipa. Lakini sasa akipoteza mpira anasimama, na wenzake wanakimbia kwa niaba yake. Tumpunguzie dakika za kucheza, lakini abaki, bado tunamhitaji. Turudishe uwanja wa vijana. Na kile chumba cha kuchulia misuli, waheshimiwa, naomba kiwe chumba cha kuchulia misuli."

Jenereta ndiye alikuwa mshambuliaji wao, kipenzi cha mji, na mwenyekiti alimpenda kuliko wanawe wa kuzaa, jambo ambalo wanawe walikuwa wamechoka kulisikia. Mwenyekiti hakukasirika. Alimgeukia Komeo kwa upole.

"Mwalimu, huyu ni msaidizi wako, tena ni damu yako. Na wewe unasema hayo hayo?"

Komeo aliwatazama wale wazee. Hao ndio waliombeba mabegani alipokuwa kijana, uwanja mzima ukiliita jina lake. Walikuwa wanamngoja, nyuso zimekunjuka, kama wanaongoja mtoto wao aimbe.

"Radi ni Radi," alisema. "Tulikosa bahati, basi."

Walipiga makofi. Mdogo wake akakaa. Hakumtupia jicho baya. Alimtazama tu, kama mtu aliyekwenda kumpokea ndugu yake stendi, abiria wakashuka wote, na wa kwake hayumo. Baada ya siku chache alirudisha funguo za ofisi. Haukupita muda, Sabuni wakamchukua, na si kama msaidizi. Walimpa timu yote.

Mashabiki wakaandika MSALITI kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya mama. Komeo alipofika alimkuta mama amejifunga khanga kiunoni, anasugua ukuta kwa brashi.

"Acha mama, nitaleta mtu apake rangi."

"Nataka kujua kitu," mama alisema bila kugeuka. "Hawa wamemwandikia nani? Aliyehama, au aliyenyamaza?"

Komeo akachukua ndoo kwenda kubadilisha maji, na alipokuwa bombani aliiacha ikafurika.

Msimu mpya ulianza vibaya na ukaendelea vibaya. Sabuni walikuwa wanakimbia kama watu wenye mapafu ya akiba. Radi wakifungwa walilaumu refa, nyasi, mvua. Wiki ya mechi ya watani, mazoezi yalipokwisha, Jenereta alibaki nyuma akijifanya anatafuta soksi.

"Mwalimu, nina ombi. Usinicheke."

"Sema."

"Jumamosi niweke nje."

Komeo alidhani hakusikia vizuri. "Unaumwa?"

"Kisigino. Asubuhi nikishuka kitandani natembea nimeshika ukuta. Lakini hata kisingeuma, Mwalimu, zile mbio sina tena. Naziita, haziji."

"Mwenyekiti umemwambia?"

"Nilimwambia. Akanipigapiga mgongoni, akasema mimi nitazikwa na jezi."

Komeo alihisi kifua kinafunguka. Kumbe mwenye miguu yake mwenyewe ndiye anayeomba! Angesema ndiyo, na kungekuwa na nani wa kumlaumu? Lakini mabango ya mechi yalikuwa yamekwisha kubandikwa mji mzima, kila kona sura ya Jenereta imetabasamu, na mwenyekiti alikuwa ameshatamba redioni. Kifua kikajifunga tena.

"Nichezee kipindi cha kwanza tu," alisema. "Mapumziko nakutoa."

"Kweli utanitoa?"

"Neno langu."

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya paa la vyoo. Kufika mapumziko Sabuni walikuwa mbele kwa bao moja, na wenye macho waliona kwamba moja ni huruma. Chumbani, Jenereta aliketi, akaanza kufungua kamba za viatu. Mara mwenyekiti akaingia, jasho linamtiririka, akamwekea mkono begani.

"Huyu ndiye atakayetukomboa leo. Sivyo, Mwalimu?"

Chumba kizima kikamgeukia Komeo. Jenereta naye akamtazama, kamba bado ziko vidoleni.

"Funga viatu," Komeo alisema.

Jenereta aliinama. Alifunga.

Kipindi cha pili winga wa Sabuni, kijana aliyelelewa na Radi kwenye ule uwanja uliogeuzwa maegesho, aliondoka na mpira pembeni. Watu wakashangaa kumwona Jenereta akigeuka kumfukuza. Alikuwa hajarudi nyuma kukaba tangu lini, hakuna aliyekumbuka. Alikimbia hatua chache, kisha mguu ukamsaliti, akaanguka kama aliyepigwa rungu kwa nyuma. Watu wa jukwaa la Radi wakadhani anajiangusha. Wakapiga miluzi.

"Babu, nenda kalale!" mmoja alipaza sauti, na wengine wakadakia.

Aliyetangulia kumfikia hakuwa daktari wa Radi. Alikuwa kocha wa Sabuni, aliyetoka mbio upande wa pili akapiga magoti, akamshika kichwa na kumsemesha. Komeo alisimama kwenye mstari. Mdogo wake alipita karibu yake akirudi, wala hakumtazama. Mechi iliisha tatu bila, na chupa zikaruka.

Kikao kilichofuata Komeo hakungoja kuulizwa.

"Mdogo wangu aliwaambia ukweli hapa hapa," alisema, "na mimi nilijua ni ukweli. Nilikubaliana naye, kisha nikamruka. Jenereta aliniomba asicheze. Nilimdanganya."

Mwenyekiti alivua miwani. "Kwa hiyo unataka kusema kosa ni letu?"

"Langu kwanza. Lenu mnalijua."

Walimfukuza kabla chai haijafika mezani. Wakaleta nyota mwingine wa zamani, ambaye siku ya kwanza tu alisema Radi ni Radi, wakampigia makofi. Vile vikombe vilibaki vilipokuwa. Msimu uliisha Radi wakiwa katikati ya msimamo, wanahesabiwa pamoja na timu ambazo zamani hata majina yake hawakuyashika.

Wiki chache baada ya kufukuzwa, Komeo alijizoazoa, akapanda ngazi hadi nyumbani kwa Jenereta, ghorofa ya juu kabisa. Mke wa Jenereta alifungua mlango, akatoa shikamoo ya malezi, si ya moyo. Jenereta alikuwa kwenye kochi, mguu umefungwa plasta, umelazwa juu ya mito.

"Nilikuomba, Mwalimu."

"Uliniomba."

"Ukanipa neno lako."

"Nilikupa."

"Sasa kwa nini?"

Komeo alikuwa amekuja na maneno mengi. Yote yalimpotea. "Niliogopa."

"Wewe? Komeo? Uliogopa nini?"

"Kwamba wataacha kunipenda."

Jenereta aliusogeza mguu juu ya mito. "Na mimi msimu wote uliopita nilicheza kwa sababu hiyo hiyo," alisema. "Wapuuzi wawili." Lakini hakucheka, na hakumwambia karibu kiti. Komeo alibaki amesimama.

Hodi ikapigwa. Aliingia mdogo wake, funguo za gari mkononi. Ilikuwa siku ya kumpeleka Jenereta hospitali, na kumbe ndiye aliyekuwa akimpeleka kila mara. Alimwona kaka yake, akasita kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Jengo halikuwa na lifti, na ngazi zilikuwa nyembamba. Mdogo alimnyanyua Jenereta kwapani, akaangalia ule mguu mzito, kisha akamwangalia Komeo.

"Shika huko."

Komeo akashika. Walishuka taratibu, mmoja mbele mmoja nyuma, mke akifuata na magongo, na katika ngazi zote hizo hakuna neno lililosemwa ila "kona," na "ukuta huo," na "pumzika kidogo." Chini walimwingiza Jenereta kiti cha mbele. Komeo akarudi nyuma, akajipangusa mikono kwenye suruali, asijue aende upande gani.

Mdogo wake akawasha gari. Akashusha kioo.

"Kule hospitali kuna ngazi pia," alisema, macho yakiwa barabarani.

Komeo akafungua mlango wa nyuma, akaingia.