Uzi wa Namba Arobaini na Saba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili ya Machi, Jerioth Njoroge alikuwa ameketi katika chumba cha kusubiri cha kliniki ya utafiti wa moyo, kaskazini mwa Stockholm, akisoma fomu yenye kurasa kumi na nne. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amehudumia wazee majumbani mwao huko Vällingby: aliwaogesha, aliwavisha soksi za kubana, aliwapa dawa kwa saa zake. Tangu Krismasi yeye mwenyewe alilalia mito mitatu, kwa maana akilala chali pumzi ilikatika. Sehemu kubwa ya misuli ya moyo wake ilikuwa imegeuka kovu, na kovu halisukumi damu. Utafiti huo ulitafuta njia ya kuliondoa.

Ukurasa wa mwisho uliuliza kama mshiriki amesoma na kuelewa kila kitu. Jerioth alikielewa Kiswidi cha kuzungumza vizuri kabisa, lakini ukurasa wa tisa na wa kumi na mbili zilikuwa zimemshinda. Akaweka alama penye "hapana". Alikuwa katibu wa kanisa lao la Wakenya kule Spånga, na hakuwa na mazoea ya kutia sahihi jambo asilolijua.

Hanifah Ssali, mtafiti msaidizi kutoka Uganda, aliipokea fomu na kuingiza majibu katika kompyuta kama alivyofanya kwa wote, bila kuyatazama. Alipobonyeza mara ya mwisho, mfumo ukaandika: namba 47, hafai, lugha. Kisha ukaifunga namba hiyo. Mfumo ulitengenezwa usifute kitu chochote, ili utafiti uaminike.

"Mama Lorraine," akasema Hanifah kwa Kiswahili, "mbona umeweka hapana?"

"Si wameuliza? Na jibu ni hapana."

"Watu wote huweka ndiyo."

"Basi hao wamesoma kunishinda. Nipe ya Kiingereza, nitaimaliza sasa hivi."

"Ya Kiingereza haijaidhinishwa."

"Na Lorraine wangu akinisomea? Yuko chuo kikuu."

"Jamaa wa mgonjwa haruhusiwi."

Jerioth akainuka kuchukua koti. Mkabala naye alikaa Axel, dereva mstaafu wa treni za laini ya kijani, aliyekuwa ametia sahihi fomu hiyohiyo bila miwani. Kutoka kwenye kifungo cha tatu cha shati lake ulining'inia uzi mweupe, urefu wa kidole. Jerioth hakuwahi maishani kuuacha uzi uning'inie katika nguo ya mtu. Akaomba radhi, akainama, akauvuta.

Uzi haukutoka katika shati. Ulitoka kifuani, ukipenya ngozi bila damu, vuguvugu na wenye unyevu kidogo, nao ukaendelea kuja.

"Inauma?" akauliza.

"Hapana," akasema Axel. "Ni kama kuvuliwa kiatu kinachobana. Endelea, tafadhali, nina miadi saa tatu na nusu."

Jerioth akauzungushia kalamu ya kliniki. Axel alipoitwa, ncha ya mwisho ilikuwa imeshatoka.

Hanifah aliupima, kwa kuwa kupima ndiyo kazi yake: mita sita na sentimita ishirini. Akakata kipande, akakitia rangi nyekundu inayotumika kuonyesha makovu ya moyo, akakiweka chini ya hadubini. Katika mwanga uliochujwa kiling'aa rangi ya chungwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kilikuwa kovu tupu. Akapiga simu juu. Profesa Laurence, Mbelgiji aliyelichunguza kovu la moyo kwa miaka ishirini na miwili katika panya, nguruwe na watu, akashuka ngazi mbilimbili.

Asubuhi hiyo, kabla ya kuvutwa uzi, moyo wa Axel ulikuwa katika rekodi kama moyo unaosukuma asilimia ishirini na saba ya damu yake kwa kila pigo. Walimpima upya saa tano. Arobaini na nne. Wakabadilisha mashine. Arobaini na nne tena. Saa nane mchana watu wote wa kliniki walikuwa wakila keki wima, wakizungumza kwa pamoja, na Laurence alikuwa na krimu kwenye mkono wa koti lake jeupe na hakujali.

Ombi la kuongeza uvutaji wa uzi katika utafiti liliandikwa usiku uleule na kuidhinishwa kwa siku kumi na moja. Tatizo lilikuwa mkono. Daktari wa upasuaji, anayesifika kwa kushona mishipa ya watoto wachanga, alikata uzi mara tatu kwa mgonjwa mmoja. Laurence mwenyewe alikata mara mbili. Mikononi mwa Jerioth haukukatika hata mara moja. Hivyo kliniki ikamwajiri asubuhi mbili kila wiki. Mkataba wa kazi ulitolewa kwa Kiingereza, akausoma wote na kuusaini.

Yalikuwa majira ya kuchipua yenye furaha kuliko yote ambayo kliniki ilikumbuka. Uzi wa mwalimu mmoja kutoka Tumba, ambaye moyo wake uliharibiwa na dawa za saratani, ulitoka umejikunja kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Wa mpiga fidla ulivuma ulipokazwa, na walinyamaza kidogo kuusikiliza kabla ya kuuweka kwenye friji. Wagonjwa waliofika kwa viti vya magurudumu walivisukuma wenyewe kuvirudisha mlangoni. Kila jioni Hanifah alituma matokeo kwa Laurence, na Laurence alijibu kwa alama za mshangao pekee.

Katika wiki hizohizo Jerioth alisimama mara mbili kupumua katika ngazi za kituo cha Vällingby, kisha mara tatu. Moyo wake ulisukuma asilimia ishirini na nne mwezi Aprili, na kumi na tisa mwanzoni mwa Mei. Uzi wake ulikuwa umetokeza katikati ya mabega, mahali asipopafikia. Lorraine, bintiye, aliuona alipokuwa akimfunga zipu ya gauni la kanisani, akamwambia kwa Kiswidi kwamba ana uzi mgongoni. Akaujaribu kwa upole, ukakatika papo hapo. Kesho yake ncha ikatokeza tena.

Hanifah alipanda kwa Laurence mara tatu kumwombea Jerioth aingizwe katika utafiti.

"Nikimwingiza mtu aliyeandikwa hafai," akasema Laurence mara ya tatu, "wakaguzi wataufuta utafiti mzima. Wagonjwa arobaini na sita. Nielewe, Hanifah. Mimi nampenda Jerioth."

"Basi tuombe fomu ya Kiingereza."

"Tutaomba. Makala ikishatoka."

Hanifah aliijua hesabu ya moyo unaoshuka asilimia tano kwa mwezi. Ndiye aliyeibonyeza ile "hapana". Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, alipanda treni ya laini ya kijani hadi Vällingby, nyumbani kwa Jerioth, kujifunza kuvuta.

Jerioth alikuwa amemwandalia sweta kuukuu la sufu. Kwao Limuru, kabla ya kuja Ulaya, alinunua masweta ya mitumba, akayafumua na kuuza uzi kwa wafumaji. Hakuwa na siri nyingine.

"Fumua," akasema.

Hanifah akavuta. Uzi ukakwama, akakaza, ukakatika.

"Wewe! Hiyo si kamba ya ng'ombe. Huko Kampala mlifundishwa kuvuta mashua?"

"Mama Lorraine, nina shahada ya uzamivu."

"Ndiyo maana. Unataka kufika. Uzi hauvutwi, unasindikizwa. Ukigoma, simama nao. Rudia."

Alirudia hadi saa kumi na moja, na hadi mkono mzima wa sweta ukalala sakafuni bila kukatika popote. Alirudi Jumamosi ya pili na kumaliza mgongo na kola. Jumamosi ya tatu Jerioth alihitaji mito minne na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Akaketi kinyumenyume kwenye kiti cha jikoni, akaiegemeza mikono, akashusha gauni mabegani.

"Leo si sweta," akasema. "Bismillahi yako isome, na mimi nitaomba kwangu. Tuone nani atajibiwa kwanza."

Hanifah akaishika ncha. Mita mbili zilikuja kwa urahisi. Katika mita ya tatu uzi ukagoma, naye Jerioth akashika kingo za kiti na pumzi ikawa fupi sana. Lorraine akasema kwa Kiswidi kwamba anapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Ngoja," akasema Jerioth. "Hanifah, umekaza."

"Nimeacha."

"Umekaza. Nausikia huku ndani. Simama nao."

Hanifah akasimama nao. Dakika nne nzima hakufanya lolote ila kuushika uzi kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake katika kuvuka barabara. Kisha, wenyewe, ukasogea. Ukasogea tena. Halafu ukaanza kuja kwa kasi ambayo hakuna uzi wa kliniki uliwahi kuja nayo, na Lorraine akaacha simu, akachukua ubao wa kukatia mboga kuuzungushia, wote watatu wakihesabu mita kwa sauti, mmoja kwa Kiswidi na wawili kwa Kiswahili, saba, nane, tisa, wakipiga kelele kama watu wanaotazama mbio. Ncha ya mwisho ilitoka kwenye mita kumi na mbili na sentimita arobaini.

Jerioth akajifunga gauni. Akateremka kitini, akajinyoosha sakafuni, akalala chali bila mto wowote. Akavuta pumzi, ikaingia yote.

"Lorraine! Njoo umwone mamako, nimelala kama ubao!"

Lorraine akajibu kwa Kiswidi kwamba anamwona, kisha akalala kando yake. Hanifah alibaki amesimama na uzi mikononi, akicheka na kulia, hadi alipoambiwa aache kusimama kama mlinzi wa benki.

Jumatatu Hanifah alimpima kwa dakika tano za mapumziko ya chakula. Asilimia hamsini na mbili. Hakuna mshiriki aliyefika hapo. Alifungua mfumo, akaenda kwenye namba 47. Mahali pa matokeo palikuwa pa kijivu, hapakukubali tarakimu.

Makala ilitoka mwezi Septemba na kusomwa duniani kote. Ilisema njia hiyo imefaulu kwa wagonjwa wote arobaini na sita, na ikashauri itumike, kwa sasa, kwa wagonjwa wanaofanana nao. Ombi la fomu ya Kiingereza lilisogezwa hadi utafiti wa pili.

Jumapili moja baadaye Laurence alifika Vällingby na maua, kumshukuru Jerioth nyumbani kwake. Aliegemea kochi, na begani mwa kochi palikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, cha maua yenye petali sita. Akakigusa bila kufikiri. Kisha akakishika kwa vidole vyote, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukawa ule wa Jumanne ya Machi.

"Ni mita ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili na arobaini," akasema Jerioth, akimmiminia chai.

"Mkono wa nani?"

"Wa Hanifah."

"Kwa hiyo hufundishika!" Laurence akasimama, akaketi, akasimama tena. "Jerioth, huu ni mrefu kuliko wote. Hii ni... Nipe kipande. Sentimita mbili tu, niupeleke maabara."

"Chukua hata chote," akasema Jerioth. "Utauandika kwa namba gani?"

Laurence akaketi, kitambaa mapajani. Kisha akakirudisha begani mwa kochi, akazinyoosha petali moja baada ya nyingine mpaka zikakaa sawa, akaomba sukari.