Mhusika Mkuu Jikoni

Jioni hiyo Dada alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, ungo mapajani, anachagua mchele. Hakuwa dada wa mtu yeyote humo ndani. Aliitwa hivyo kwa sababu ndivyo wanavyoitwa wasichana wa kazi, na jina lake la kuzaliwa hakuwa amelisikia tangu siku aliyofika mlangoni na mfuko wake.

Mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, waliyemwita Kitinda, alikuwa amegeuza ndoo akaifanya kiti, daftari likiwa juu ya magoti.

“Dada, mhusika mkuu ndiye baba?”

“Ndiye yule hadithi inamfuata. Mwalimu amesemaje?”

“Amesema ni yule ukimtoa, hadithi inaanguka. Tuandike hadithi ya nyumbani, halafu tumtaje.”

Kitinda alitafuna kalamu, akaanza kuwatoa watu mmoja mmoja. Akamtoa baba. Baba alikuwa amesafiri kikazi juzijuzi tu, na nyumba ilikwenda vizuri, tena redio ilipumzika. Akamtoa mama. Mama alipokwenda kumuuguza bibi, watu walikula, wakaoga, wakalala. Akamtoa Dada. Hapo akakumbuka ile siku Dada alipolala na homa: sufuria iliungua, baba alikwenda kazini na shati lililokunjamana kama karatasi ya maandazi, na yeye Kitinda alifika shule akiwa amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

“Nimekuandika wewe.”

“Futa. Andika baba. Mwalimu atakukosesha.”

“Haifutiki. Nimetumia wino.”

Dada aliweka ungo chini. Aliinuka kwenda kutazama jiko, na hapo sauti ikasema, “Dada aliinuka, akaenda kutazama jiko.”

Haikuwa ya kiume wala ya kike. Ilikuwa kama ya mtu anayesoma mbele ya darasa, anayeheshimu nukta na kupumua kwenye mkato. Dada alitazama juu ya kabati, akatazama nyuma ya mlango. “Alitazama nyuma ya mlango,” sauti ikasema, “asione kitu.” Mkaa ulikuwa umeshakolea, kwa hiyo akateleka maji.

Siku ya pili Kitinda alirudi na alama nyekundu ya mkasi, ya kukosa, juu ya jibu lake.

“Mwalimu ameuliza, dada wa damu au dada wa kazi. Nikasema wa kazi. Akasema basi huyo ni mhusika mdogo.”

“Nilikwambia.”

“Nikamwambia si mdogo, ana miaka mingi kunishinda. Darasa zima likanicheka.”

Mwalimu alikuwa amekosesha, lakini sauti haikuwa na habari. Ilimfuata Dada uani akianika nguo, ikamfuata stoo, ikamsubiri nje alipokwenda kuoga. Wakati wa chakula ilisema, “Dada alipakua wali, akajibakizia ukoko. Mikono ilikuwa kwenye upawa, mawazo yalikuwa kwenye cherehani.”

Mama akasimamisha kijiko. “Cherehani gani tena?”

“Siku aliyofika,” sauti ikaendelea bila haraka, “mama wa nyumba alimwambia, huyu mdogo akianza shule na wewe utaanza ushonaji. Huyu mdogo sasa anaandika insha.”

“Hiyo sauti haina adabu,” mama akasema.

“Haijakosea lakini,” baba akasema, akiongeza mchuzi. “Nilikuwepo.”

Wakaendelea kula. Dada alikuwa amesimama karibu na mlango na jagi la maji, uso unamuwaka. Ahadi hiyo hakuwahi kumkumbusha mtu. Kila alipotaka kuisema, ilikuta mama anaumwa kichwa, au ana wageni, au anacheka, na Dada hakupenda kumharibia kicheko. Sasa imesemwa mezani, mbele ya baba, na hakuna aliyeikana.

Nyumba ikazoea. Mama alikuwa akipandisha redio kila sauti hiyo inapoanza, halafu baada ya siku chache akaacha, maana betri zilikuwa zinaisha bure. Jirani wa ukuta mmoja alikuja kuazima pasi, akajikuta amekaa.

“Kwenu raha,” akasema. “Kwangu hata panya hawapigi kelele. Hivi na mimi nimo?”

“Jirani aliingia bila hodi,” sauti ikasema, “kwa mara nyingine.”

Walicheka wote, jirani kuliko wote, na pasi akaisahau.

Wiki ile fundi wa pale kona alikuwa anapokea wanafunzi wapya wa kushona, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa. Dada alijua, na kwa sababu Dada alijua, nyumba nzima ilijua. Sauti iliwaambia Jumatatu, ikawaambia Jumanne. Jumatano ilisema kwamba Dada amefua gauni lake la kutokea na kulianika mahali pasipo na jua kali, lisipauke.

Alhamisi, vyombo vilipokuwa vimeshaondolewa mezani, sauti ilimaliza kusimulia, kisha ikasema, “Maswali ya ufahamu.”

Kitinda alikaa vizuri. Baba akazima redio.

“Swali la kwanza. Mhusika mkuu aliahidiwa nini, na nani?”

“Ushonaji,” mama akasema.

“Sentensi kamili, mama,” Kitinda akamnong’oneza. “La sivyo unapata nusu.”

Mama akakohoa. “Mhusika mkuu aliahidiwa na mama wa nyumba kwamba atapelekwa kujifunza ushonaji.”

“Sahihi. La pili. Kwa nini hajapelekwa?”

“Hajapelekwa,” baba akasema taratibu, kama mtu anayesaini, “kwa sababu akiondoka hakuna wa kufanya kazi zake.”

“Sahihi. La tatu. Mhusika mkuu anajisikiaje?”

Mama aligeuka akamtazama Dada pale mlangoni, akamtazama vizuri, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala.

“Amechoka,” Kitinda akasema. “Amechoka, lakini anangoja waone wenyewe.”

“Sahihi. La mwisho. Hadithi hii inatufundisha nini?”

“Hilo niachieni,” mama akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. “Inatufundisha kwamba ukimwahidi mtu, umtimizie, hata kama ni msichana wa kazi.”

“Sahihi,” sauti ikasema. “Mmepata yote.”

Kitinda alipiga makofi. Baba alijinyoosha, akasema tangu aache shule hajawahi kupata yote, na mama akamwambia asijisifu, swali gumu limejibiwa na mtoto. Walikuwa na furaha ambayo nyumba hiyo haikuwa nayo kwa muda mrefu. Dada alibaki na sinia mkononi, akisubiri kinachofuata baada ya alama.

Mama akainuka, akapangusa macho na upindo wa kanga.

“Dada, kesho usitoke, mama mkwe anakuja na watu wake. Anza na mapazia.”

“‘Sawa, mama,’ Dada akaitikia,” sauti ikasema.

Dada alikuwa hajaitikia. Walimgeukia wote, hata Kitinda, wakangoja, kama watu wanaofuatilia kwenye kitabu na kidole chao kiko kwenye neno linalofuata.

“Sawa, mama,” akasema.