Tonge la Daktari Thawin

Sahani ilipitia mikono ya wazee wanne kabla haijatua mbele ya Daktari Thawin. Kila mzee aliyeipokea aliinusa kwanza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaisogeza mbele. Samaki wadogo wa bwawani, wamekatwakatwa wabichi, wamechanganywa na ndimu, pilipili, mnanaa na mchele uliokaangwa ukasagwa. Sisi tunaiita koi. Harufu yake naijua tangu nanyonya, na mpaka leo, mimi kikongwe nisiye na meno ya kutosha, ikinipitia puani mate hunijaa mdomoni na machozi machoni, vyote kwa pamoja.

Ilikuwa uwanjani kwa Mzee Phuang, mkuu wa kijiji chetu cha Nong Khla, siku ya kumuaga mjukuu wake aliyekuwa anaingia utawa. Zilibaki wiki tatu kabla ya uchaguzi. Daktari alikuwa mgombea ubunge, nami, niliyekuwa nesi wake kwa miaka kumi na miwili, nimeketi mkekani nyuma ya bega lake, mkoba magotini. Mzee Phuang alikuwa amekwisha kumfunga nyuzi nyeupe za baraka mikononi. Kwetu, mtu akikufunga uzi kisha akakupa chakula kwa mkono wake, mkono ule haurudishwi. Ukiurudisha, umemrudishia na baraka zake.

Mzee akafinyanga tonge la wali wa kunata, akalichovya kwenye koi, akalinyoosha.

"Watu wa yule mgombea mwingine wanasema wewe unatuona washenzi," alisema, kwa upole kabisa. "Eti chakula chetu kinakutia kichefuchefu. Mimi nimewaambia ni waongo. Sasa nisaidie, Daktari, nisionekane mwongo mimi."

Uwanja mzima ukatugeukia. Hata wanawake waliokuwa wakipakua jikoni walikuja kusimama mlangoni na miiko mikononi.

Ili mjue lile tonge lilikuwa zito kiasi gani, lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Daktari alitujia akiwa kijana mwembamba kutoka mji mkuu, daktari pekee kwenye hospitali ya wilaya yenye vitanda kumi. Wanaume wa miaka hamsini walikuwa wanaletwa wamegeuka manjano mpaka kwenye weupe wa macho, wanajikuna usiku na mchana, matumbo yamevimba. Minyoo ya kwenye samaki wabichi ilikuwa imekaa kwenye maini yao tangu utotoni, ikakwangua na kukwangua mpaka ikazaa saratani. Wakifika kwetu, hakuna la kuwafanyia. Mwaka wa kwanza alisaini vyeti vya vifo mpaka akakosa usingizi. Mwaka wa pili alifunga darubini kwa kamba nyuma ya pikipiki, akaniambia nipande na vikopo, tukaanza kuzunguka vijijini kukusanya choo cha watu.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Walimwita Daktari Mavi, mbele yake, na yeye akaitika.

"Daktari Mavi, leo sina," mtu angemwambia. "Nikaazime kwa jirani?"

"Usijisumbue," angejibu. "Ya jirani nimeshayaona, yana hali mbaya kuliko yako."

Kisha angewaita mmoja mmoja wachungulie kwenye darubini, kila mtu ayaone mayai ya minyoo yake mwenyewe, asiseme kasingiziwa. Hapo kicheko kilikuwa kinakatika. Lakini mdomo una wakili wake. Walisema ndimu imeshamwivisha samaki. Walisema pombe ya mchele inaua kila kitu. Na tulipowapa vidonge vya kutoa minyoo, wakapata wakili wa tatu, tena huyu ndiye aliyetumaliza: kula leo, meza kidonge kesho. Hilo peke yake ndilo lililokuwa likimpandisha Daktari hasira. Alikuwa akigonga meza mpaka vikopo vinaruka. "Kidonge kinamtoa mnyoo, hakishoni ini! Kila ukirudia, unakwangua kidonda kile kile." Nami nilikuwa nasimama kando yake, mikono kiunoni, namalizia kwa ukali wangu. Nilikuwa na mdomo mimi, waulizeni.

Mume wangu Khamsing, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa wa kwanza kijijini kuacha koi. Hakuacha kwa sababu ya darubini, aliacha kwa sababu yangu. Wenzake walimtesa kwa maneno. Wakikaa kunywa, wanamsogezea samaki wa kuchoma peke yake. "Mpeni Khamsing chakula cha wagonjwa, mkewe asije akampiga sindano." Alicheka nao, akala samaki wake wa kuchoma, akarudi nyumbani. Miaka tisa. Sikuwahi kumwambia ahsante, nilidhani ni haki yangu.

Siasa ilimwingia Daktari kwa njia ya barabara. Tulikuwa tumempoteza mwanaume mmoja wa Nong Khla, na mkewe alikuwa ameuza nyati na shamba kumtibu, hakubaki hata na njia ya kuirudisha maiti. Daktari aliipakia kwenye gari lake mwenyewe. Tulipokuwa tunarudi, akasema, "Rabiap, nimechoka kutibu mtu mmoja mmoja." Mwaka uliofuata akatangaza kugombea. Alitaka sheria moja tu: maskini atibiwe bure kwa kadi, asiuze shamba ili afe.

Basi huyo ndiye aliyekuwa ameketi mbele ya tonge. Nong Khla ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote jimboni, na Mzee Phuang akisema neno, vijiji vingine sita vinasema hilo hilo. Daktari aligeuza uso nusu, akaniuliza kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia.

"Nifanye nini?"

Na mimi, Rabiap mwenye mdomo, nikamwambia: "Kula. Tonge moja tu. Vidonge ninavyo mkobani."

Nilisema hivyo. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa namfikiria yule mjane na shamba lake, nilikuwa naitaka ile sheria kuliko yeye mwenyewe, na nilijua hesabu ya tonge moja kwenye ini la mtu mzima. Sikujua hesabu ya macho mia tatu yanayotazama.

Akafungua mdomo. Mzee Phuang akamlisha. Akatafuna, akameza, akatabasamu, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mtu akapiga ngoma. Nikasikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Si unaona? Miaka yote ile alikuwa anatutania."

Nikamtafuta Khamsing kwa macho. Alikuwa amesimama na wenzake karibu na mtungi wa pombe, na tayari mtu alikuwa amemshikisha sahani. Alinitazama kutoka ng'ambo ya uwanja. Hakuwa na kiburi, alikuwa ananiuliza ruhusa, kwa nyusi tu. Ningetikisa kichwa angeiweka chini. Lakini ningetikisaje kichwa, wakati Daktari bado anajifuta midomo? Nikainamia mkoba, nikajifanya natafuta kitu. Nilipoinua uso alikuwa anakula, amefumba macho kwa utamu.

Tulishinda. Nong Khla ilimpa karibu kura zote. Sheria ilichukua miaka minne ya mabishano, na siku ilipopita nililia mbele ya redio kama nimefiwa. Kadi zikaja. Hospitali yetu ikafika vitanda sitini. Watu waliokuwa wakifia majumbani wakaanza kufia kwenye shuka safi, na wengi, wengi sana, hawakufa kabisa. Hilo nitalisema mpaka naingia kwenye moto wa kuchomea maiti, kama ilivyo desturi yetu: Daktari Thawin aliokoa watu ambao hata majina yao hakuyajua. Ila darubini ilipelekwa tena Nong Khla, na kijana aliyeipeleka aliniambia mayai yamerudi kama zamani.

Khamsing naye alirudi zamani. Nilimgombeza nyumbani, akanijibu kwa kicheko, "Mpigie simu mbunge wako, akinikataza yeye nitaacha." Basi kila mwaka nikawa nampa vidonge. Anakula, anameza. Anakula, anameza. Mimi mwenyewe ndiye niliyemhesabia kiganjani.

Mwaka wa saba tangu lile tonge, asubuhi moja, alikuwa ananyoa ndevu, akaniita nije nimtazame macho. Sikuhitaji darubini.

Tulitumia kadi. Hatukuuza kitu. Mpasuaji alimfungua akamfunga, na bingwa mmoja mwema akaniambia huenda mbegu ilipandwa utotoni, kabla hata Daktari hajaja kwetu, hakuna awezaye kusema ni tonge lipi. Nilitaka sana kumwamini. Bado nataka. Khamsing alilala kwenye wodi mpya akiwatania manesi wangu. "Niangalieni nilivyoiva," alikuwa akiwaambia, "nabakia kuchumwa tu." Mara mbili nilianza kumwambia niliyoyasema siku ile mkekani. Mara zote mbili aliniomba maji, nikaenda kuleta maji.

Alifariki siku tisa kabla ya mwaka mpya wetu, wakati wa joto.

Daktari alikuja kwenye mazishi kutoka mji mkuu, amevaa nyeusi, nywele zimemwisha. Uchaguzi mwingine ulikuwa unabisha hodi. Watu walipokuwa wamejipanga na maua ya karatasi kuyaweka juu ya jeneza, aliomba kipaza sauti. Kijana wake wa kampeni alimvuta shati, naona alikuwa ameshanusa linalokuja. Daktari akamtoa mkono taratibu.

"Ndugu yetu huyu aliacha koi miaka tisa kwa kuniamini," alisema. "Akairudia kwa kuniamini. Mimi nilijua lile tonge ni sumu kwa sababu niliwafundisha ninyi kwamba ni sumu. Nililila ili mnipe kura. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyenishauri. Nilikuwa peke yangu."

Hakunitazama hata kidogo. Alirudisha kipaza sauti, akaweka ua lake, akabaki amesimama pale akingoja chochote ambacho watu wangemfanyia.

Kisha Mzee Phuang, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, akamgeuzia mgongo. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka akabaki kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Nikajua ubunge umekwisha. Kumbe nilichokuwa nakingoja si hicho. Nilikuwa naingoja sauti yangu. Nilikuwa na mdomo mimi, na kipaza sauti kilikuwa hatua tatu kutoka nilipo.

Mama mkwe wangu, Mama Bunma, mwenye miaka themanini na mbili na mtoto wa kiume mmoja tu, alijikokota mpaka kwangu. Akanishika mikono yote miwili, mbele ya watu, mbele ya Daktari, aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

"Wewe mwanangu ulimkataza," alisema. "Miaka yote ulimkataza, kijiji kizima ni shahidi. Usije ukajilaumu hata siku moja. Umenisikia?"

Daktari aliinua macho akanitazama. Halafu akainama, akaanza kutafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu vya watu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimesikia."