Nani Alimpiga Filemoni?

Mwezi wa sita, mwaka hamsini na nane, Filemoni na mdogo wake Liberatus walikuwa wakipandisha boriti kutoka msituni, milimani huko Kilolo. Boriti ilikuwa ya nyumba ya Liberatus, aliyetarajia kuoa baada ya mavuno. Filemoni alitangulia, mdogo wake akafuata, na nyuma yao alikuja Apolonia, mke wa Filemoni, na mzigo wa fito kichwani. Jana yake ndugu hao walikuwa wamegombania kinyungu alichoacha baba yao, ile bustani ya bondeni isiyokauka hata kiangazi. Filemoni alikuja kusaidia kwa sababu alikwisha kuahidi, lakini uso alikuwa ameukunja.

Penye mpando mkali Filemoni alikanyaga kwa nguvu ili ajisukume juu. Kitu kikalia "pa!" kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Akaanguka. Boriti ikamponyoka Liberatus na kubingirika hadi vichakani.

"Umenipiga!" Filemoni alifoka, amejishika nyuma ya kifundo cha mguu. "Liberatus, umenipiga kwa nyuma!"

"Nikupige na nini, kaka? Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mti!"

"Nimesikia pigo mimi! Mama Esta, wewe ulikuwa nyuma yake. Sema ulichokiona."

Apolonia alikuwa ameinamisha macho, akiangalia asiteleze. Alimtazama mumewe aliyelala kwenye majani, akamtazama shemeji yake.

"Sikuona," alisema.

Ulikuwa ukweli mtupu, lakini alipokwisha kuusema aliona jinsi Liberatus alivyomgeukia, kama mtu aliyefungiwa mlango.

Apolonia alikuwa mchuaji. Watu walimletea shingo zilizokakamaa, viuno vilivyoshikwa kwa kulima, vifundo vilivyoteguka, naye aliwachua mpaka wakapona. Kwa hiyo hakuwaza hospitali. Kila asubuhi alichemsha maji ya chumvi akamkanda mumewe kisigino, akampaka mafuta ya nyonyo, akachua kutoka kwenye shavu la mguu kwenda chini, akafunga kwa kipande cha kaniki. Siku ya tano alimwambia ajilazimishe kutembea, mshipa usije ukazoea uvivu.

Uvimbe ulipungua. Maumivu nayo yakapungua, na hilo likawadanganya wote wawili. Lakini mguu haukumtii mwenyewe. Filemoni aliuburuta kama jembe lililolegea mpini, na akijaribu kusimama kwa vidole, kisigino kilikataa kuinuka. Apolonia alipopitisha kidole nyuma ya kifundo, mahali ambapo kano hukaza kama kamba, alikuta kibonde laini. Alikigusa kila siku. Hakujua ni nini, na hakumwambia mtu. Alizidisha kuchua tu.

Liberatus alikuja kila alasiri na mzigo wa kuni. Aliutua uani, akabisha hodi, naye Filemoni akageukia ukutani.

"Mwambie arudi na kuni zake," alisema.

Habari zilifika kwa wazazi wa mchumba. Wakasema binti yao hataolewa na mtu anayempiga ndugu yake kwa nyuma. Mjomba mkubwa wa ukoo alimwita Apolonia, akamuuliza mara tatu, naye mara tatu alijibu kwamba hakuona. Angesema nini zaidi? Kusema kwamba hakupigwa kungekuwa kumwita mumewe mwongo, na kusema kwamba alipigwa kungekuwa dhambi.

Wiki ya nne Liberatus alikuja bila kuni. Alikuwa amevaa koti, na kifurushi chake kwapani.

"Shemeji, nakwenda Mbeya. Wanaandikisha watu wa migodini, huko kusini."

"Subiri kaka yako apone. Akipona atasahau."

"Hakuna cha kusahau. Sikumpiga. Na wewe unaamini nini?"

Apolonia alifungua kinywa. Kwa kweli hakujua anaamini nini, na wakati akitafuta neno Liberatus aliinamisha kichwa kumuaga, akashika njia.

Wiki mbili baadaye, pareto ikiwa imeiva na mkulima hawezi kupanda mlima kuichuma, walimbeba Filemoni kwa machela hadi barabarani, wakapata lori la Iringa, na kesho yake wakafika hospitali ya Tosamaganga. Mganga msaidizi aliyeitwa Yohane alimlaza kifudifudi. Aliminya shavu la mguu mzima, wayo ukacheza. Akaminya la mguu mbovu. Wayo ukatulia tuli.

"Siku ile ulidhani umepigwa na mtu, sivyo?" Yohane aliuliza.

Filemoni aliinua kichwa. "Nani amekuambia?"

"Wote husema hivyo. Nilimpata mmoja aliyetaka kumshtaki mkewe. Hakuna aliyekupiga, mzee. Kano imekatika yenyewe ulipojisukuma."

Apolonia alisikia nje mtu akifagia.

"Mlimtibu vipi nyumbani?"

Akamweleza yote, na kile kibonde pia. Yohane hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. Alisema kuchua kunafaa msuli uliochoka, lakini kano iliyokatika hufungwa plasta mapema, vidole vikiwa vimeelekezwa chini, ili ncha zake zikutane. Sasa zilikuwa zimeachana mno. Filemoni angetembea, lakini milima ingemsumbua maisha.

"Liberatus," alisema Filemoni, uso bado uko kwenye mto.

Katekista aliwaandikia barua ya kumwita Liberatus, wakampa dereva wa lori aliyekuwa akienda Mbeya. Ilirudi mwezi wa tisa bila kufunguliwa. Walioandikishwa walikwisha kuondoka, na hakuna aliyejua mgodi gani.

Ndipo Filemoni alipoamua kwenda mwenyewe kwa wazazi wa mchumba kumsafisha mdogo wake. Mwendo wa saa mbili ulimchukua tangu alfajiri hadi adhuhuri, Apolonia akimfuata nyuma. Alisimama uani kwao, amejishikiza kwenye fimbo, akasema, "Sikupigwa. Nilikosea."

Baba wa binti alimpa kigoda na togwa. "Tumesikia," alisema kwa upole. "Lakini mtoto ameshaolewa, yuko Ilula."

Wakati wa kurudi, penye mpando wa mwisho, Filemoni alikwama. Alijaribu kukanyaga mara mbili, mara mbili akarudi nyuma. Apolonia aliweka viganja vyote viwili mgongoni mwake, akamsukuma hatua kwa hatua, akimsikia analia.