Bizimu Isiyofunguka Yenyewe

Alfajiri, kabla mtu yeyote hajawasha taa, ilisikika *tok* ndogo juu, kama kifundo cha kidole kikibisha kwenye ubao. Mke hakufumbua macho. Alinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akapapasa shuka, akakuta hatamu imejikunja pale peke yake, bizimu wazi.

"Umeumia?" aliuliza.

"Kidogo tu. Ni paji la uso," mume alijibu kutoka darini.

"Ngoja niwashe taa."

"Nangoja. Nitakwenda wapi mimi?"

Alipanda juu ya kiti, akamshika mguu, akamshusha taratibu kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba, huku akimkinga asigonge kabati. Akamkaza mkanda wa kiunoni, akapitisha hatamu kwenye bizimu, akachomeka ulimi wa chuma kwenye tundu la ngozi. Ncha ya pili ya hatamu ilikuwa bado imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Kisha akaenda kuchemsha maji ya chai.

Hali hii ilianza siku ile gari lilipokimbia kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali. Mume alikuwa dereva wa gari la farasi katika yadi moja ya kusafirisha mizigo. Katikati ya mteremko hatamu ya kushoto ilichomoka kwenye lijamu mdomoni mwa farasi, naye akakosa wa kumzuia, gurudumu likapanda jiwe, na dereva akarushwa juu kutoka kitini. Farasi hakuumia. Magunia hayakupasuka. Dereva naye hakuvunjika hata kidole, ila tangu aliporushwa juu hakuwahi kushuka kabisa. Wenzake walimleta nyumbani wamemshika miguu, wakamwinamisha kichwa kumpitisha mlangoni, wakanywa maji, wakarudi kazini.

Tajiri mwenye yadi alikuja jioni ileile kutoa pole. Alikaa kwenye kochi, akamtazama mgonjwa juu.

"Pole sana, bwana. Lakini hatamu tumeiokota nzima. Ngozi haikukatika, bizimu haikuvunjika. Kwa hiyo asubuhi hukuifunga sawasawa."

"Niliifunga," alisema mume.

"Kitu kilichofungwa kinafungukaje chenyewe?"

Tajiri alimaliza chai, akawaachia hatamu ile ili iwafae nyumbani, akaaga kwa heshima zote. Kesho yake gari lilipewa dereva mwingine.

Mke alikuwa mshonaji wa hatamu katika karakana ya yadi hiyohiyo. Bizimu zilikuja kwa magunia, nyepesi, zinang'aa kama peremende, naye alizishona kwenye ngozi alivyoelekezwa. Hakupewa likizo, wala hakuomba. Nyumbani walizoea. Mume alifuta utando wa buibui, akabadilisha balbu, akaziba bati lililokuwa likivuja tangu wahamie. Mama yake, aliyekuja kumsaidia mkwewe kulea mtoto wao, Kasuku, hakuona ubaya mkubwa.

"Waume wa wenzio hawajulikani walipo," alimwambia mkwewe. "Wako ukimtaka, unatazama juu."

Shida ilikuwa nje. Ndani kuna dari, nje hakuna. Hatamu ile ilikuwa ikifunguka karibu kila alfajiri, na ingefunguka uwanjani, mume angepita juu ya paa la jirani, juu ya mnara wa maji, na habari zake zingeishia hapo. Kwa hiyo hakutoka. Alikuwa akijivuta hadi dirishani, akashika nondo, akatazama watu wanavyokwenda kazini. Jioni moja, mtoto akiwa anaoga, alisema kwa sauti ya mzaha:

"Siku moja usahau tu kufunga mlango. Upepo ukinichukua, na wewe utapumzika."

Mke alikuwa anakunja nguo. Hakucheka.

"Ukisema hivyo tena nakufunga mnyororo."

"Wa farasi?"

"Wa meli."

Usingizi ulimpaa. Siku iliyofuata, wakati wenzake wanakula, alibana bizimu moja kwenye jiliwa, akang'oa ulimi wake mwembamba, akaweka mnene zaidi. Ili kuupima alining'iniza gunia la mawe kwenye boriti ya karakana. Likaning'inia kutwa, bizimu isitikisike. Akaenda nayo nyumbani, na alfajiri akasikia *tok*.

Akatengeneza nyingine, safari hii ulimi wa chuma cha pua aliouchonga kwa tupa mpaka vidole vikaota malengelenge. Akaning'iniza fuawe la mhunzi, na fuawe likatulia. Alfajiri, *tok*.

Mhunzi wa karakana, mwanamume wa maneno mengi ambaye wote walimwita Cheche, alimwangalia anaanza ya tatu.

"Dada, hapo hata ukining'iniza yadi nzima na tajiri juu yake, itashika. Bizimu haina kosa. Shemeji anajifungua usingizini."

"Ajifungue aende wapi?"

"Mimi najua? Wanaume tunapenda kuzurura."

Maneno yale ya utani yalimwingia. Jumamosi mchana alimlaza mume, akavuta kiti karibu, akakaa kumtazama akisinzia. Mume alilala chali, hewani, kiganja kimoja juu ya godoro. Alipovuta pumzi alipanda kidogo na hatamu ikakazika. Alipoitoa alishuka, hatamu ikalegea. Hakuna mkono ulioigusa. Lakini kila hatamu ilipolegea, ile ngozi ngumu ilijinyoosha na kurudi nyuma kidogo, na ulimi wa bizimu ukainuka. Ilipokazika, ulimi haukurudi wote mahali pake. Pumzi kwa pumzi ulisogea ukingoni mwa tundu, mpaka ukatoka, na mume akapanda darini akiwa bado anakoroma. Kilichokatika hakikuwepo. Kilichovunjika hakikuwepo.

Mke alibaki amekaa, mikono magotini. Makosa yalikuwa yake na ya gunia lake. Alikuwa amepima kwa vitu vinavyovuta muda wote. Jiwe halipumui. Farasi anapumua, anaangusha kichwa, anakiinua, na kwenye mteremko anakiinua kila hatua. Hatamu inalegea na kukaza, inalegea na kukaza, hadi chini.

Alipanda kiti, akamgusa bega.

"Baba Kasuku. Uliifunga."

Mume alifumbua macho. "Si nilisema?"

"Ulisema. Sasa nimeona."

Akasema asante, kwa sauti ndogo, kama aliyepewa maji.

Sasa alijua anachotafuta: kitu cha kuulaza ulimi hata pasipo na anayevuta. Alikipata sebuleni, mama mkwe alipokuwa akifunga mwavuli wake. Ndani ya mpini kulikuwa na ile kamani ndogo ya chuma inayobonyea na kurudi yenyewe.

"Mama, naomba mwavuli wako."

"Mvua iko wapi?"

"Nataka kipande chake tu."

"Mwanangu, mwavuli hauna kipande. Mtu ana mwavuli au hana." Aliugeuzageuza mikononi, akamtazama mwanawe aliyekuwa akipangusa juu ya kabati, akautoa. "Chukua. Nikilowa nitakauka."

Cheche alitoboa tundu, mke akapigilia ribiti. Kamani ile ikakaa mgongoni mwa ulimi, ikiukandamiza ukivutwa, ikiukandamiza usipovutwa. Akaongeza meno madogo pembeni, ili mtu aweze kufupisha hatamu kwa mkono mmoja, nayo isirudi. Hakutafuta jiwe tena. Aliifunga kwa farasi jike mzee wa yadi, aliyezoea kutikisa kichwa akila, akamwacha atikise toka chakula cha mchana hadi kazi zinakwisha. Bizimu ilikuwa imelala kama ilivyolazwa.

Jioni akamfungia mume hiyohiyo. Kesho yake mke aliamshwa na jua usoni. Kwanza aliogopa. Kisha akageuka, akamkuta mume palepale alipomwacha, kiganja kimoja juu ya godoro, mdomo wazi. Alimsogelea, akaweka kichwa chini yake pale penye kivuli, akalala tena kidogo.

Alimpelekea tajiri bizimu mpya mezani kwake. Tajiri aliifungua, akaifunga, akaisikiliza sikioni.

"Kazi nzuri. Kazi nzuri sana, mama. Mfungie mumeo."

"Na farasi?"

"Bizimu za farasi ziko kwenye magunia pale. Ziishe kwanza."

"Hizo zinafunguka zenyewe, tajiri. Nimeziona. Baba Kasuku alifunga."

"Mama, yale yamepita."

"Hayajapita. Yako darini kwangu."

Tajiri alicheka kwa adabu, akatazama saa, akasema ana mgeni. Madereva waliendelea kutoka na bizimu za magunia. Tajiri akisema mtu hakufunga, basi hakufunga, na yadi nzima ilijua hivyo. Dereva mpya alikuwa ameshachomokewa na hatamu na kurushwa juu mara moja kwenye mteremko ule, na tangu hapo alitembea na mawe mifukoni, visigino vikigusa chini mara moja moja. Mke alimshonea bizimu moja kimyakimya, ya farasi, na nyingine ya kwake. Cheche akaanza kupita mtaani kuuliza nani ana mwavuli mbovu.

Siku waliyotoka ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mke alijifunga ncha moja ya hatamu kiunoni mwake, nyingine ikiwa kiunoni mwa mume. Mama mkwe alifungua mlango na kusimama pembeni, ameshika mtoto mkono, midomo yake ikisoma kitu bila sauti.

Mume alitoka kwa kichwa kwanza. Juu hakukuwa na kitu. Upepo ulimchukua papo hapo, hatamu ikakazika, mke akapepesuka hatua na kukita miguu. Upepo ukakata na hatamu ikalegea, ikaning'inia kati yao kama kamba ya kuanikia. Hapo ndipo mke alipoacha kupumua. Upepo ukarudi, ukavuta. Ulimi ulikuwa umelala.

"Imeshika?" mume aliuliza, macho ameyafumba.

"Fumbua uone mwenyewe."

Aliyafumbua. Akaona paa lao kwa nje, na bati aliloliziba. Jirani aliyekuwa akifagia alinyanyua kichwa.

"Shemeji! Umepotea! Ulisafiri?"

"Nilikuwepo tu," alisema mume. "Juu."

"Haya, karibu tena."

Mke alianza kufupisha hatamu kwa mkono mmoja, jino moja baada ya jingine, na kila jino likiita *ta*, mume alishuka kidogo, akapita usawa wa bega lake, wa kiuno, mpaka wakasimama wamebanana nyonga kwa nyonga kama watu waliofungwa mbio za miguu mitatu. Wakaanza kutembea. Mwanzoni walikosana hatua, akamkanyaga, wakacheka, mama mkwe nyuma yao akalia kidogo na kusema ni vumbi, ingawa barabara yote ilikuwa maji. Walifika kwenye kona, wakaipita. Mtoto alijichomoa mkononi mwa bibi yake, akawakimbilia, akainama kuwatazama miguuni.

"Baba, viatu vyako vina tope."